Mkono wa Mkwe Kwenye Ngazi za Wamaya

Nimeuza mahindi katika soko la Kakamega tangu binti yangu akiwa mgongoni, na kabla ya hapo nililelewa ndani ya mahindi kule Mautuma, kwenye shamba ambalo baba yangu alilipata baada ya mzungu kuondoka. Kwa hiyo mtu asiniletee habari za mahindi. Nikitia punje mdomoni nitakwambia kama imekauka kweli au imepitishwa juani asubuhi moja tu ili nidanganywe. Ndiyo maana nilipofunga sanduku la kwenda Meksiko nilipenyeza pakiti za unga katikati ya nguo, maana nani alijua watu wa huko wanakula nini. Binti yangu alicheka kwenye simu mpaka nikamkatia. Ati napeleka mahindi kwa wenye mahindi. Sikumwelewa na sikujali, kwa sababu sikuwa naenda huko kula. Nilikuwa naenda kumrudisha nyumbani.

Ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, tukabaki wawili, tunagombana asubuhi na kupatana jioni. Alipomaliza chuo alipata kazi Isecheno, msituni, ya kutembeza watafiti na kupima miti. Jumamosi jioni alikuwa anakuja nyumbani na viatu vyenye tope, nywele zinanuka majani mabichi, anavua viatu mlangoni huku akiuliza kuna nini cha kula kabla hata hajanisalimia. Nilikuwa namkaripia kwa hilo. Haki ya Mungu, leo ningelipa nini nisikie mtu akinikosea adabu hivyo mlangoni mwangu.

Huko huko Isecheno akaja kijana kutoka Meksiko kuchunguza miti. Alikaa muda mrefu, akajifunza Kiswahili kwa wafanyakazi wa msitu, kile Kiswahili chetu ambacho walimu hukipigia kelele. Mimi nilisikia habari zake wakati mambo yameshaiva. Binti yangu alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma kwao, kozi fupi tu, Mama, nitarudi kabla hujanikumbuka. Kozi ikaisha, ikazaliwa nyingine. Siku moja akanipigia simu, sauti yake ndogo, akaniambia wameenda ofisini kwa serikali ya huko wakatia sahihi, wao sasa ni mume na mke.

Kwetu sahihi haiozi mtu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawakai wakitazamana, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hujitia kutazama shamba la watu mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, si chuki. Inaendelea hivyo mpaka siku ambayo mambo ya wazazi yamekwisha, na mama wa msichana anatoa mkono wake mbele ya watu, mkwe anaushika. Huo mkono ndio muhuri. Kabla yake, binti bado ni wako, unaweza kufunga safari ukamchukua na hakuna atakayekuuliza. Baada yake, ameenda. Akija kwako, anakuja kutembea.

Wenzangu katika kikundi cha akina mama kanisani waliniambia niachane na mambo ya kizamani, sisi tumeokoka. Niliwajibu kwamba nimeokoka, lakini mkono ni wangu. Nilijua nilichokuwa nakishikilia. Kila Jumapili baada ya ibada lazima mmoja aniulize mtoto anarudi lini, nami namwambia karibu. Kisha naenda nyumbani, mvua ya alasiri inaanza kupiga mabati, nasonga ugali wa watu wawili, nakula upande wangu. Nilikuwa na hamu naye mpaka mwili ukauma, na si kwa kusema tu. Hapa kifuani palikuwa panauma.

Mchungaji aliniombea kabla sijaondoka. Aliposikia kwamba kwa akina mkwe kuna mahekalu ya kale ya Wamaya, akanionya sana. Alisema hayo ni mahali pa damu, watu walichinjwa pale juu, nisikanyage ngazi zake, na nikilazimika kufika nisimame chini nikemee pepo. Nilikubali. Sikuwa na haja na mawe ya mtu.

Binti yangu alinipokea uwanja wa ndege akiwa na tumbo kubwa. Hakuwa ameniambia. Nilimkumbatia nikalihisi lile tumbo likinisukuma, nikacheka na kulia pale pale katikati ya watu na mizigo yao. Ndani ya moyo nikasema, vizuri zaidi, nitarudi na wawili. Nikaanza kupanga palepale kwenye gari ni nani sokoni angenishikia kibanda wakati namlea mzazi.

Nyumbani kwao mkwe wangu alikuwa kama hayupo. Nikiingia sebuleni, anatoka kwa mlango wa nyuma. Chakula kikiandaliwa, anachukua sahani yake anaenda kula nje barazani, ameiweka magotini. Nilimwona mgongo tu, siku baada ya siku. Nikamwambia binti yangu kwamba mumewe ananikimbia, bila shaka anajua alichofanya. Akaniangalia kwa jicho lile lake la tangu utoto, akaniuliza si hivyo ndivyo nilivyotaka. Nilivuta mdomo.

Mama yake mkwe wangu, jirani yao, ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi. Hatukuwa na lugha, tulicheka tu na kuonyeshana vitu. Nilimsongea ugali kwa unga wangu. Alikula akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akaumwagia pilipili, nikajua haujampendeza. Halafu akanishika mkono akanipeleka jikoni kwake, penye moshi, akanionyesha mahindi yaliyoning'inizwa darini na maganda yake. Mengine mekundu, mengine meusi, ya njano, meupe, mengine yamechanganya rangi zote kwenye gunzi moja. Niliyashika. Binti yangu akasema kwa upole kwamba mahindi yalianzia kwa watu hawa, Wamaya na jirani zao, yakatembea mpaka yakafika kwetu. Mimi, niliyezaliwa ndani ya mahindi, nilinuna mpaka kesho yake.

Siku waliyonipeleka kwenye magofu ilikuwa ya jua kali. Magofu yenyewe hayana watalii wengi, na mtu bado anaruhusiwa kupanda. Tulipita kwanza kwenye kanisa la kijiji, nikafurahi, nikasema angalau naanza na nyumba ya Bwana. Binti yangu akaniambia nitazame ukuta. Katikati ya mawe ya kawaida lilikuwako jiwe lililochongwa ua, limewekwa kichwa chini. Waliojenga kanisa walibomoa hekalu, wakatumia mawe yake. Nililigusa lile ua. Nilijua ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini nilisikia pia huzuni kwa ajili ya fundi aliyelichonga, ambaye bila shaka alilichonga akiwa anaomba kitu.

Msitu wa huko si kama wetu. Ni mfupi, umekauka, hauna mbega wa kurukaruka juu, una mijusi mikubwa inayokutazama bila kuogopa. Tulitembea, mkwe wangu akiwa mbele sana, mimi na binti yangu nyuma, mpaka miti ikaachana na hekalu likasimama mbele yetu. Nilidhani nitaona marundo ya mawe. Nilikuta kitu ambacho watu walikijenga kwa akili na kwa jasho, jiwe juu ya jiwe, ngazi zimesimama wima kuelekea mbinguni. Nilisahau kukemea.

Tuliketi kivulini, kwa kuwa binti yangu hangeweza kupanda na tumbo lile. Akanisimulia wanachosimulia wazee wa mumewe: kwamba mtu wa kwanza aliumbwa kwa udongo, mvua ikamyeyusha. Wa pili akaumbwa kwa mti, akawa hana moyo wa kumkumbuka aliyemuumba. Mwisho wakakanda unga wa mahindi, na huyo ndiye akawa mtu. Nilimkatiza. Kanisani tumefundishwa kwamba sisi ni udongo, basi, nami sibadilishi. Lakini nilikaa nikiifikiria ile mvua. Mimi ni mtu wa Kakamega, najua mvua inafanya nini na udongo. Tangu binti huyu aondoke nilikuwa nimeyeyuka kidogo kidogo na hakuna aliyeona.

Hapo ndipo niliposema. Nilimwambia turudi nyumbani, akazalie kwetu, mtoto akue akisikia Kilogooli cha jirani na Kiidakho chetu, na mumewe akitaka atafuata. Nilisema mengi, nikasema na habari za kibanda. Alichora chini kwa kijiti, kisha akasema, "Mama, wacha kwanza nifikirie." Nilimzaa mimi, namjua. Anapofikiria ameshaamua, anatafuta tu namna ya kutoniumiza.

Nikanyanyuka. Nikakaza leso kiunoni, nikaziendea zile ngazi, maneno ya mchungaji nikayaacha pale kivulini. Nilipanda kwa hasira. Aliniita, sikugeuka. Vidato ni vyembamba, mguu hauenei, ikabidi nipande kwa mikono na magoti mtu mzima kama mimi, na hasira ndiyo iliyonifikisha.

Juu palikuwa na upepo. Msitu ulienda pande zote mpaka ulipokutana na mbingu. Nikafanya nilichoagizwa, nikakemea, nikaitaja damu ya Yesu, na maneno yakaisha upesi kuliko nilivyotarajia. Nikabaki nimesimama tu. Nikaanza kuwafikiria waliopanda hapa kabla yangu. Walipanda na shida zao, mvua imekataa, mtoto ana homa, mke hazai. Hakuna shida yao moja ambayo sijaisikia ikiombewa kanisani kwetu. Na kama ni kweli watoto wa watu walitolewa hapa, basi kulikuwa na mama pale chini, amesimama mahali alipoketi binti yangu, anatazama juu. Nilimkasirikia mtu, sijui nani, kwa ajili ya mama huyo.

Kisha nikamkumbuka kukhu, yaani nyanya yangu, aliyeishi Iguhu. Alfajiri alikuwa anatoka nje, anaelekea jua linakochomoza, anatema mate kidogo, na kumwomba Mungu atuamshe salama na atulaze salama. Alituombea hivyo kila siku na akafa bila kubatizwa. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza mwalimu wa dini kukhu yuko wapi, akaniambia tumwachie Mungu. Nimemwachia Mungu miaka yote, na bado namtamani kukhu. Pale juu nikahisi kwamba Mungu alikuwa anasikiliza kabla yetu sisi wenye vitabu vya nyimbo, kwa watu hawa na kwa kukhu. Au nilitamani sana iwe hivyo mpaka nikashindwa kutofautisha. Siwezi kudanganya kwamba nilipata jibu. Nililia, nikamwambia Mungu anirudishie mtoto wangu, na nikajisikia nikisema hivyo mahali ambapo wengine waliwatoa watoto wao. Nikaacha kuomba, nikageukia ngazi.

Wakati wa kushuka ndipo nilipoona ujinga wangu. Ukitazama kutoka juu ngazi huzioni, unaona ardhi tu, mbali. Nilijaribu kushuka kwa makalio, leso ikakwama kwenye jiwe, nikashuka vidato vichache, nikaganda. Jua linanichoma utosini. Chini nilimwona binti yangu amesimama, mkono mmoja tumboni, mwingine mdomoni.

Mkwe wangu ndiye aliyepanda. Alipanda upesi lakini alipobakiza nafasi kidogo anifikie alisimama, akanigeuzia mgongo, akatazama msitu. Alikuwa amebeba leso ya binti yangu. Akazungumza na mimi kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya watu wa Isecheno kabisa, mpaka nikashtuka.

"Mama, ninajua mkwe hashikwangi mkono. Shika leso upande huu, mimi nitashika ule. Hatutagusana. Na ukianguka, utaniangukia mimi."

Akarusha upindo wa leso nyuma bila kugeuka. Niliukamata. Tukashuka hivyo kidogo, yeye mbele, kitambaa kimenyooka kati yetu, na kila nikisita anasita. Nikamuuliza nani alimfundisha mambo hayo. Akasema ni wazee wa msituni, walimwambia kama anamtaka msichana wa huku asije akamkosea mama yake. Akasema ndugu zake wanamcheka kwa kulia chakula barazani nyumbani kwake mwenyewe. Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anaangalia tu mahali nitakapoweka mguu.

Kumbe hakuwa ananikimbia. Alikuwa ananingoja.

Nilisimama. Naye akasimama. Nilimtazama shingo, imelowa jasho, kola ya shati imechakaa kama za vijana wote wasio na mama karibu wa kuwashonea, ingawa wake yuko jirani. Leso ile ilinitosha. Ningeweza kufika chini salama, mila yangu haijavunjika, na binti yangu bado wangu, neno langu juu yake bado linahesabika. Kesho ningemwambia tena turudi, na kesho kutwa tena. Ninajua kusumbua, nimefanya biashara sokoni. Mwishowe labda angekuja, akazalia kwangu, na Jumamosi jioni angekaa mlangoni akitazama barabara, anamngoja huyu. Hamu yangu ningeihamishia kwake. Niliiona wazi kabisa, nikaiogopa kuliko zile ngazi.

"Wewe, geuka," nikamwambia.

"Mama?"

"Geuka. Lete mkono."

Hakuleta. Alisimama na mgongo wake, kisha akaniambia polepole, "Mama, unajua maana yake."

"Maana yake ni ya kwetu. Wewe ndiye utanifundisha?"

Akageuka. Ndipo nilipomwona uso kwa mara ya kwanza, macho yamejaa machozi, mtoto wa watu. Aliutoa mkono wa kulia huku wa kushoto akiushika chini ya kiwiko, kama tunavyompa mtu tunayemheshimu. Niliushika. Ulikuwa na joto na sugu. Moyo wangu ulilia kwa sauti, nami nikakaza uso, tukashuka ngazi za Wamaya, yeye kinyumenyume, mimi nikimwegemea kwa uzito wangu wote.

Binti yangu hakutukimbilia. Alikuwa ametuona tangu juu. Tulipofika chini mkwe wangu aliniachia, akasogea kando, akatuacha. Binti yangu aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni. Yeye ni mtoto wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Midomo ilianza kumcheza.

"Mama, umemshika."

"Nimemshika."

Akalia kama wanavyolia wasichana wetu siku ya kutolewa nyumbani, ile siku ambayo yeye hakuipata, na mimi sikuipata. Nilimshika kichwa nikakilaza begani, tumbo lake kati yetu. Jasho na nywele zake zilinuka vumbi la huko. Akasema ndani ya shingo yangu, "Basi sasa nikija Kakamega nitakuwa mgeni."

"Utakuwa mgeni," nikamwambia. "Nitakuchinjia ingokho, kuku mzima, utakaa kitini, na sahani utaletewa."